Machi Mosi Inapogeuka 19783

Msomaji mmoja wa Morogoro anayeshughulika na takwimu za mvua ameniletea swali ambalo limenifurahisha kuliko anavyodhani. Ana mafaili 92, moja kwa kila siku ya masika ya mwaka 2024, kuanzia Machi Mosi hadi Mei 31. Kila faili lina jina la siku yake: mvua_2024-03-01.csv, mvua_2024-03-02.csv, na kuendelea. Akaandika programu fupi kwa lugha ya R ipite siku moja baada ya nyingine, ifungue faili la siku hiyo, isome milimita, isonge mbele. R ikamjibu kwamba faili halipo. Alipochungulia jina ambalo R ilikuwa inalitafuta, akakuta hili: mvua_19783.csv.

"Hii namba imetoka wapi," anauliza, "na tarehe yangu imekwenda wapi?"

Swali la kwanza ni jepesi. La pili ndilo tamu, na kusema kweli makala haya nimeyaandika kwa ajili ya hilo la pili. Hebu tuone alichokifanya, nikikipunguza hadi siku tatu:

tarehe <- as.Date(c("2024-03-01", "2024-03-02", "2024-03-03"))
for (d in tarehe) print(d)

[1] 19783
[1] 19784
[1] 19785

Kinachomkera zaidi ni kwamba akiandika neno tarehe peke yake na kubonyeza Enter, R inamwonyesha tarehe zake zote tatu, safi kabisa, mwaka, mwezi na siku. Akizipitisha kwenye mzunguko wa for, zinatoka namba. Ni kitu kilekile, kwenye kompyuta ileile, sekunde chache baadaye.

R yenyewe sitaieleza. Asiyeijua aelewe tu kwamba ni lugha ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwamba inagawiwa bure. Jinsi ya kuiweka kwenye kompyuta imeelezwa kila mahali. Twende kwenye namba.

19783 ni idadi ya siku zilizopita tangu Januari Mosi 1970. Siku hiyo yenyewe ni sifuri, kesho yake ni moja, na hivyo ndivyo R inavyoitunza tarehe ya namna hii. Haihifadhi mwaka pembeni na mwezi pembeni, inahifadhi hesabu ya siku tu. Toleo la kwanza kamili la R, lile la 1.0.0, lilitoka Februari 29, 2000, tarehe ambayo huonekana mara moja kila miaka minne na ambayo mwandishi yeyote wa programu za kalenda huiogopa. Kwa R yenyewe hiyo ni siku ya 11016, kati ya 11015 na 11017, wala haina ajabu yoyote.

Kwa siku za kabla ya 1970 hesabu inarudi nyuma ya sifuri. Uhuru wa Tanganyika, Desemba 9, 1961, ni siku ya -2945. Uhuru wa Kenya, Desemba 12, 1963, ni -2212. Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 12, 1964, ni -2181, na Muungano, Aprili 26 mwaka huohuo, ni -2076. Ukiulizwa zilipita siku ngapi kati ya Mapinduzi na Muungano, huhitaji kukumbuka kwamba Februari ya 1964 ilikuwa na siku 29. Unatoa tu: 105. Uzuri wa kuhesabu siku bila kujali miezi uko hapo, kwa sababu kero zote za kalenda zinamalizwa mara moja wakati wa kuingiza tarehe, na baada ya hapo kazi ni kujumlisha na kutoa.

Kwa nini 1970? Ni urithi wa Unix, mfumo wa kompyuta uliozaliwa Bell Labs, Marekani. Mwanzoni kabisa, mwaka 1971, watengenezaji wake walikuwa wanahesabu sehemu za sitini za sekunde tangu mwanzo wa 1971 kwa namba ya biti 32, na namba ya namna hiyo hujaa kabla hata ya miaka miwili na nusu kwisha. Wakahamia kwenye sekunde nzima, na chanzo kikatulia kwenye 1970. Hakuna jambo kubwa lililotokea siku hiyo. Wafuasi wa Excel wana chanzo chao kingine, ndiyo maana Machi Mosi ileile kwao ni 45352, na nikianza kueleza Februari 29 ya mwaka 1900 ambayo Excel inaiamini na haikuwahi kuwepo, sitaufikia mzunguko leo.

Kuitaja siku kwa namba yake si jambo geni pwani yetu. Mabaharia na wakulima walihesabu siku tangu Nairuzi, hiyo Siku ya Mwaka ambayo Makunduchi bado wanaisherehekea kwa Mwaka Kogwa, wakizipanga kumi kumi katika miongo: miongo 36, kisha siku tano za ziada kutimiza 365. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, anapoandika juu ya misimu ya kusafiri katika Bahari ya Hindi hutaja siku ya ngapi tangu Nairuzi, maana upepo haujui Machi wala Muharamu. Wao walianza upya kila mwaka, R haianzi upya kamwe.

Basi namba tumeielewa. Sasa, tarehe imekwenda wapi?

Ukitaka kuona tarehe ya R ikiwa imevuliwa nguo zote, iandikie hivi:

unclass(tarehe)
[1] 19783 19784 19785

Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kuna namba tatu zilizopangwa mstari mmoja, yaani vekta, na pembeni mwa vekta hiyo kumebandikwa sifa moja inayosema "Date". Basi. Tarehe ya R ni mchanganyiko wa vitu hivyo viwili: namba, na neno lililobandikwa. Neno hilo lisipokuwepo, 19783 inaweza kuwa mshahara, idadi ya kuku, au namba ya jengo.

Sifa hiyo ina jina lake maalumu katika R, class, na hapa nalazimika kusimama kidogo kulitafutia Kiswahili. Nimeona watu wakiliita "darasa", nami napata picha ya watoto kwenye madawati. "Tabaka" linanipeleka kwenye siasa, "daraja" linanivusha mto. Ninachopendekeza ni ngeli, na nitaeleza kwa nini. Ngeli ya nomino huioni kwa kulikodolea macho neno peke yake, unaiona katika yanayolifuata. Mti umeanguka, kiti kimeanguka, gari limeanguka: kitenzi ni kilekile, lakini kabla hakijatamkwa lazima kiulize nomino ni ya ngeli gani, ndipo kijue kuvaa nini. R inafanya hivyohivyo. Ukiiambia print, haichapishi papo hapo. Inauliza kwanza: hiki kitu ni cha ngeli gani? Ikijibiwa "Date", inamkabidhi kazi print.Date, ambayo inajua kugeuza 19783 kuwa Machi Mosi. Isipojibiwa, inamkabidhi print.default, na huyo anakuonyesha namba kama ilivyo. Format ndivyo inavyofanya, jumlisha na toa pia, hata mabano ya mraba. Katika R karibu kila kitenzi kinapatana na ngeli. Nasema karibu kila kitenzi, kwa sababu for haimo.

Fikiria gunia la mchele dukani. Ubavuni limeandikwa kwa wino mweusi: MCHELE, KYELA. Maandishi hayo yako kwenye gunia, na ndani mna punje maelfu ambazo hakuna hata moja iliyoandikwa chochote. Hakuna anayeandika jina juu ya punje. Ingekuwa kazi ya kichaa, na wino ungekuwa mzito kuliko mchele. Gunia moja, lebo moja, inatosha.

Vekta ya tarehe ndiyo gunia hilo. Neno "Date" limeandikwa ubavuni, mara moja, kwa ajili ya wote waliomo. Siku 92 za masika zinatumia lebo moja.

Sasa anakuja kijana wa dukani anayeitwa for. Kazi yake ni moja: anatia mkono ndani ya gunia, anatoa punje, anakuwekea kiganjani. Halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka gunia liishe. Ni mwepesi na hachoki, lakini ubavuni mwa gunia haangalii. Ulichopewa kiganjani ni punje ya Kyela kweli, hakuna aliyekubadilishia, ila ukimwonyesha mtu wa pili na kumuuliza ni mchele wa wapi, hana pa kusoma. Ndivyo inavyokuwa kwa d ya msomaji wangu. Namba 19783 ni Machi Mosi halali kabisa. Kilichobaki nyuma kwenye gunia ni maandishi.

Mabano ya mraba ni mwenye duka mwenyewe. Ukimwambia tarehe[2], kwanza anasoma ubavuni mwa gunia na kuyaweka maandishi kichwani. Kisha anachota punje ya pili. Kisha anachukua kifuko kidogo, anaitia humo, na anaandika juu ya kifuko maneno yaleyale aliyoyasoma. Sitii chumvi: ukifungua msimbo wa funksheni inayoitwa [.Date utakuta hatua hizohizo, soma ngeli, chota, bandika ngeli upya, zote katika mstari mmoja mfupi.

Na nimeufuata mfano huu hadi ndani ya R yenyewe. Msimbo wa mzunguko uko katika faili eval.c, kwenye funksheni iitwayo do_for, nao umeandikwa kwa lugha ya C. Pale, kabla ya kila duru, R huandaa vekta yenye nafasi moja isiyo na sifa yoyote, huchukua namba tupu kutoka nafasi ya i ya vekta yako, na kuitia humo. Sifa za vekta kubwa hazinakiliwi. Hakuna aliyezifuta, ila kifuko chenyewe hakijaandikwa kitu.

Na humo humo nimekuta upendeleo. Kuna ngeli moja ambayo kijana wa dukani ameagizwa aiheshimu, nayo ni factor, ile inayotunza makundi kama "mvulana" na "msichana" kwa kuyapa namba 1 na 2. Kabla mzunguko haujaanza, do_for inauliza: je, hili ni gunia la factor? Likiwa ndilo, linageuzwa kwanza kuwa maneno, ndipo kijana anaanza kugawa. Maelezo rasmi ya R yanalisema hilo waziwazi. Tarehe haikupata agizo la namna hiyo.

Kwa nini? Umri unaeleza mengi. R imerithi sura yake kutoka lugha ya S, ambayo John Chambers na wenzake walianza kuitengeneza Bell Labs mwaka 1976. Kupita kwenye vekta kwa for ni mazoea ya zamani kuliko ngeli: utaratibu wa ngeli ambao tarehe zinautumia ulitangazwa kwa mapana katika kitabu cha Chambers na Trevor Hastie cha mwaka 1992. Na ngeli yenyewe ya "Date" iliingia R mwaka 2004, katika toleo la 1.9.0. Yaani gunia lilianza kuandikwa jina wakati kijana alikuwa ameshazoea kazi kwa miaka mingi. Leo ukimbadilisha tabia, programu nyingi duniani zinazotegemea namba tupu zitavunjika.

Dawa, basi. Ya kwanza ni kumwacha kijana agawe namba za nafasi, yaani 1, 2, 3, na uchotaji wenyewe umwachie mwenye duka:

for (i in seq_along(tarehe)) {
  d <- tarehe[i]
  print(d)
}

Ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ni fupi na inaonyesha kwamba umeelewa:

for (d in as.list(tarehe)) print(d)

Hapa umemwambia mwenye duka afunge kila punje kwenye kifuko chake mapema, kila kifuko kiwe na maandishi, na vifuko vyote viingie kwenye katoni. Katoni hiyo ndiyo orodha. Kijana anapokuja, anatoa kifuko kizimakizima na kukupa bila kukifungua. Yeye tabia yake ni ileile, bado hasomi. Kilichobadilika ni kwamba anachokishika mkononi kina maandishi yake mwenyewe. Funksheni lapply inafanya hivyo bila kuombwa, na hutapoteza tarehe hata moja mikononi mwake.

Ndugu yake sapply ni hadithi nyingine. Anaanza vizuri, anafunga vifuko kama lapply, kazi inafanyika salama. Mwishoni anaona vifuko vimetapakaa, anapenda usafi, anavifungua vyote na kuvimimina kwenye gunia moja jipya lisiloandikwa kitu. Namba zimerudi. Na ifelse ana lake: yeye huja na gunia lililotoka kwenye sharti uliloweka, lile la ndiyo na hapana, na humo ndimo anamomwagia tarehe zako. Gunia la ndiyo na hapana halikuwahi kuandikwa "Date", basi hakuna cha kusoma. Ukitaka kuunganisha vifuko bila kupoteza maandishi, tumia do.call(c, vifuko), kwa kuwa c husoma lebo ya kifuko cha kwanza na kuiandika kwenye gunia jipya.

Msomaji wangu alikuwa na bahati, na ningependa alijue hilo. Programu yake ilisimama kwa sababu faili halikuwepo, naye akapata nafasi ya kuuliza. Angekuwa hafungui mafaili, angekuwa na jedwali moja lenye safu ya milimita iitwayo mm, mambo yangemwendea kimya. Tuseme anataka kujumlisha mvua ya Machi peke yake, naye anaandika ndani ya mzunguko wake sharti ambalo mtu yeyote angeliandika, i ikiwa kihesabu anachokiongeza mwenyewe kila duru:

if (d <= "2024-03-31") machi <- machi + mm[i]

Kama d ina ngeli yake, R inaona upande mmoja ni tarehe, inayageuza maandishi ya upande wa pili kuwa tarehe, na inalinganisha siku kwa siku. Machi inahesabiwa, Aprili inaachwa. Lakini d iliyotolewa na for moja kwa moja ni namba tupu. Namba ikikutana na maandishi, R hugeuza namba kuwa maandishi na kuyalinganisha kama maneno ya kamusi, herufi kwa herufi. "19783" na "2024-03-31": herufi ya kwanza ni 1 dhidi ya 2. Moja iko nyuma ya mbili, jibu ni ndiyo. Mei 31 ni siku ya 19874, nayo pia inaanza na 1, jibu ni ndiyo. Siku zote 92 zinapita mlangoni. Jumla ya Machi inakuwa jumla ya masika yote, bila onyo wala wino mwekundu, na mtu anaipeleka kwenye ripoti.

Angeandika alama ya usawa, d == "2024-03-02", kosa lingekuwa la kinyume: siku zote 92 zingekataliwa, hata ile yenyewe. Na angejaribu format(d, "%m") ili apate namba ya mwezi, R ingegoma na kulalamika juu ya kitu kinachoitwa trim, ambacho yeye hakukiandika popote. Malalamiko hayo yamewachanganya wengi, lakini ukishajua habari ya ngeli yanasomeka vizuri. Format imeuliza ngeli, haikujibiwa, ikampa kazi format.default. Huyu hajui tarehe ni nini, na kwake kitu cha pili kwenye mabano huitwa trim, ambacho lazima kiwe ndiyo au hapana. Wewe umempa "%m". Amekasirika kihalali.

Kwa hiyo nikimwona mtu anahangaika na tarehe katika R, kitu cha kwanza ninachomwambia aandike ni class(d), ndani ya mzunguko wenyewe. Likirudi neno "numeric", hakuna haja ya kutafuta zaidi. Namba iliyopotewa na lebo hurudishiwa kwa as.Date(d), na ukiwa na R ya zamani kuliko toleo la 4.3.0 la mwaka 2023 utalazimika kuongeza origin = "1970-01-01", maana kabla ya hapo R ilikataa kukisia chanzo.

Na kusema kweli, msomaji wa Morogoro hakuhitaji mzunguko ili kupata majina ya mafaili yake. Hili lingemtosha:

paste0("mvua_", tarehe, ".csv")

Hapa gunia zima linakabidhiwa kwa paste0 likiwa na maandishi yake ubavuni. Paste0 inayasoma, inageuza siku zote kuwa maneno kwa pamoja, na majina 92 yanatoka kwa mstari mmoja. Kisha hayo majina, ambayo sasa ni maneno matupu yasiyotegemea ngeli yoyote, anaweza kuyapitisha kwenye for bila hofu. Wazee wa R watakwambia usitumie for kabisa. Mimi sioni dhambi yake. Mzunguko unasomeka, na kwa mafaili 92 kasi si hoja.

Kuna mawili matatu nimeyaruka. Tarehe iliyotoka kwenye saa na dakika ina mambo ya kanda za saa: mvua iliyopimwa saa saba usiku Dar es Salaam, kwa saa ya UTC ni saa nne usiku ya jana yake, kwa hiyo taja tz = "Africa/Dar_es_Salaam" unapoigeuza, usiiachie R iamue. Namba ya siku inaweza kubeba sehemu ya siku, 19783.5 kwa mfano, nayo itaonekana kama Machi Mosi lakini haitalingana na Machi Mosi nyingine. Na tarehe za kabla ya 1582 R huzihesabu kwa kalenda ya leo, ambayo wenyewe hawakuwa nayo.

Lililobaki ni la miezi, na hilo sitaki kuliruka kwa sababu litamkuta huyuhuyu msomaji akianza kutoa taarifa za kila mwisho wa mwezi. Ataandika:

seq(as.Date("2024-01-31"), by = "month", length.out = 4)

akitarajia mwisho wa Januari, Februari, Machi na Aprili. Atapewa Januari 31, Machi 2, Machi 31 na Mei 1. R imeongeza mwezi ikapata Februari 31, ikaona siku mbili zimezidi, ikazisukuma mbele. Aprili nayo ikapata 31 na kusukumwa hadi Mei Mosi. Machi imeingia mara mbili, Februari na Aprili hazimo. Aanzie mwezi unaofuata, tarehe mosi ambayo kila mwezi unayo, kisha atoe moja:

seq(as.Date("2024-02-01"), by = "month", length.out = 4) - 1

Atapata Januari 31, Februari 29, Machi 31 na Aprili 30, kwa sababu chini ya maandishi yote hayo mlikuwa na namba nne tu, na kila moja imepungua kwa moja.